Waliposema Nimeambukizwa na Ng'ombe

Mwangaluka, ndugu zangu. Itikieni kwa nguvu, maana nimetoka pale kwenye benchi la akina mama mpaka hapa mbele kwa miguu, kutoa ushuhuda wangu, na pumzi yangu nyingi imebaki njiani.

Wabeja, asanteni. Nimewasikia.

Mnaona nimeshika daftari. Nimeandika mwenyewe. Mimi sikusoma sana, madarasa yangu ni yale ya elimu ya watu wazima, tulikuwa tunasomea kwenye godauni la pamba baada ya kulima. Herufi zangu zimetawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na hizi nimeziandika kwa mkono uliokuwa umekufa, kwa hiyo nikikwama mahali mnivumilie. Sijasahau neno, natafuta tu kifaranga yuko wapi.

Sifa yangu mnaijua: sisahau jina. Humu ndani hakuna nisiyemjua jina lake, la baba yake, na lile la utani alilopewa akiwa mdogo, ambalo hataki mkwewe alisikie. Lakini leo sitataja jina la mtu hata mmoja. Naona wengine mmeshaanza kuangalia chini. Inueni vichwa. Nitakaowataja ni ng'ombe tu, maana ng'ombe hawaoni haya.

Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Kabla ya hapo, zahanati walikuwa wamenipima wakakuta nina presha. Nikapewa vidonge, nikaambiwa, "Bibi, hivi ni vya kila siku, na ni vya maisha." Nilimeza mwezi mmoja. Kichwa kikatulia, moyo ukatulia, nikajisemea, mtu mzima anameza dawa ya nini? Nikavitia kwenye kopo tupu la chumvi, nikaliweka juu ya kabati. Ndugu zangu, nawaambia, kosa la kwanza katika habari hii ni hilo, na ni langu peke yangu.

Basi, kwenye zizi langu kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, bila kuhesabu ndama. Nitawatajia baadhi. Pamba, niliyemnunua baada ya mavuno mazuri. Milembe, jina la amani, maana alizaliwa siku ndugu wawili walipopatana. Kulwa na Doto, waliozaliwa siku moja kwa mama tofauti. Nyanzala, wa mwaka wa njaa. Na dume letu Mabula, aliyezaliwa mvua inanyesha mpaka tukamkausha kwa kanga yangu.

Pamba ndiye aliyeanza. Asubuhi nilimkuta amesimama pembeni, udenda unamning'inia kama nyuzi za pamba mbichi, anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine, kama aliyekanyaga majivu ya moto. Siku ya pili ni Milembe. Siku ya tatu ni nusu ya zizi. Bwana mifugo alikuja, akawafunua midomo, akatuonyesha malengelenge kwenye ulimi na vidonda kati ya kwato. Akasema, "Huu ni ugonjwa wa miguu na midomo." Akaweka karantini. Hakuna ng'ombe kwenda mnadani, hakuna kunyweshea bwawani pamoja na wengine, na mtu asiingie zizi la jirani na viatu vyenye matope ya kwake.

Hayo alisema vizuri. Sisi tulichobaki nacho kichwani ni lile jina. Miguu na midomo.

Mimi Pamba nilikuwa nampenda. Nikachanganya maji ya chumvi, nikaingiza mkono huu wa kulia mpaka ndani, nikamfuta ulimi. Akanitazama kwa yale macho yake. Nikamwambia, "Tulia, mwanangu, hata mimi ninaungua." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sikuwa naungua popote.

Kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye mlango wa zizi na ndoo, mkono wa kulia ukaiachia ndoo. Sikuiachia mimi. Nilitazama ndoo ikienda chini pole pole, kama jani, na maji yakatoka kama kitambaa kinachokunjuliwa. Nikataka kupiga hatua. Mguu wa kushoto ukaenda. Wa kulia ukabaki nyuma, kama mtoto aliyenuna. Nikalala pale chini, na mbingu ilikuwa nzuri sana, nawaambia kweli. Sikuwahi kuona mbingu iliyo karibu vile.

Mwanangu akaja mbio. "Mayu! Mayu, umeteleza?"

Kwa wageni mlioletwa huku na kazi, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Lishikeni hilo neno, mbele litatuchekesha.

Nilitaka kumjibu, "Nimeteleza." Ikatoka, "Le-le-le." Mdomo ulikuwa umehamia upande wa kushoto, nusu ya kulia imelala. Jirani mmoja akaruka ua, akanitazama, akarudi hatua mbili nyuma.

"Angalieni mdomo," akasema.

"Tunauona."

"Na mguu?"

"Haunyanyuki."

"Jana alimtia Pamba mkono mdomoni. Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na upande gani umekufa?"

Ndugu zangu, hesabu ilikuwa imekamilika. Mguu, mdomo, na mkono ulioingia kwenye kinywa cha ng'ombe mgonjwa. Mtu mmoja akasema polepole, "Miguu na midomo. Umempata." Na msifikiri mimi nilikuwa na akili zaidi yao. Niliamini. Ningekuwa na ulimi, ningelisema mwenyewe kabla yao.

Kwa hiyo wakafanya kile bwana mifugo alichofundisha kwa ng'ombe: wakaniwekea karantini.

Hawakunifanyia ubaya. Nataka mlisikie hilo sawasawa. Waliniweka kwenye chumba kizuri, kile tunachohifadhia pamba kabla haijaenda kwenye mizani. Wakanitandikia godoro, nami nikalala katikati ya pamba iliyofika dirishani. Mdomo wangu wakaufuta kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kama nilivyomfanyia Pamba. Mguu wangu wakauosha kwa maji ya majivu. Mkwe wangu alikuwa na mtoto mchanga, akaogopa kumwambukiza. Akasimama mbali, akafunga kitenge mkononi, akanilisha uji kwa mwiko, ule mrefu wa kusongea ugali. Mwiko ni chombo cha kupikia, na mwiko ni jambo lisiloguswa. Siku zile niliijua maana ya pili kupitia ile ya kwanza.

Hakuna aliyenishika mkono siku kumi na tisa. Nilizihesabu kwa mwanga uliokuwa unaingia kwenye matundu ya misumari ya bati. Mwanga ule ulikuwa unatembea. Asubuhi upo kwenye ukuta, mchana unanipanda miguuni, alasiri unapanda juu ya pamba na pamba yote inawaka nyeupe, mpaka sijui kama nimelala juu ya godoro au juu ya wingu la masika. Na ng'ombe walikuwa wanaingia. Mtaniambia hawakuingia, mlango ulikuwa umefungwa. Mimi niliwaona. Milembe alikuwa anapita ukutani kama mtu anayepita kwenye pazia, halafu Kulwa, halafu Doto, hawana kelele, kwato zao zinazama kwenye pamba. Wananiangalia, wanacheua. Nataka kuwaita majina, ulimi hauinuki. Basi nayataja ndani, kifuani, moja baada ya jingine, na kila ninayemtaja anageuka. Ilikuwa raha, ndugu zangu. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, ilikuwa raha sana. Nilianza kufikiri kwamba nikimaliza majina yote nitaondoka nao, na sitahitaji mguu tena.

Siku moja nikasikia kitu nje. Kwato, zinakanyaga ardhi ngumu sawasawa. Sauti ya mwanangu: "Pamba anakula! Njooni mumwone, anakula!"

"Na Milembe?"

"Naye anatembea vizuri. Wote wamepona, isipokuwa ndama wa Doto." Yule ndama alikufa. Bado namkumbuka, hatukuwa tumempa jina.

"Na mayu?"

"Mayu bado."

Jirani yule yule akasema, "Binadamu anachelewa. Hana kwato."

Nikalala nikalifikiri jambo hilo. Ulikuwa mwanzo wa akili kurudi. Pamba aliugua kabla yangu siku chache tu, na amepona. Tumeugua ugonjwa mmoja, tumepewa chumvi moja, yeye anakula majani na mimi nanyweshwa kwa mwiko. Kama tuko karantini moja, mbona mlango wake umefunguliwa na wangu bado? Lakini wazo bila ulimi ni maji bila ndoo. Nililishika kidogo, likanitoka.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyopita.

Wiki ile walikuja watu wa utafiti wa mifugo. Walikuwa wanazunguka vijijini kujua ugonjwa ule unatoka wapi na unapitaje kutoka zizi hadi zizi, kama ni bwawani, ama mnadani, ama kwenye viatu vyetu. Kwetu alikuja binti mmoja, amevaa mabuti na koti refu, na dereva wake. Kabla ya kuingia alipuliza dawa kwenye mabuti. Akasalimia, "Mwangaluka!" Ilikuwa saa tisa alasiri. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, maana mwangaluka ni ya asubuhi, saa hiyo tunasema mwadila. Kumbe alikuwa mtu wa mkoa mwingine, amejifunza salamu moja tu na ameamua imtoshe siku nzima.

Chumba changu kilikuwa karibu na zizi, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa anauliza, mwanangu anajibu.

"Waliougua ni wangapi?"

"Kumi na mmoja. Na mayu, wa kumi na mbili."

"Wanaitwaje? Nitaandika kila mmoja."

Mwanangu akataja majina yote. Mwisho akasema, "Na Mayu."

"Mayu ni jike?"

"Jike? Ndiyo... ni mwanamke."

"Ameshazaa?"

"Mara saba."

"Hongera zake. Ana umri gani?"

"Sabini na kidogo."

Kalamu ikasimama. "Baba, ng'ombe wa miaka sabini?"

"Ng'ombe gani? Mayu ni mama yangu!"

Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke, nilicheka, na sauti ikatoka upande mmoja kama mbuzi aliyekabwa. Yule binti akasikia. Akauliza, "Yuko wapi?" Wakamwambia usiingie, ameambukizwa. Akauliza, "Ameambukizwa nini?" Wakamwambia, "Hicho hicho unachokitafuta wewe. Miguu na midomo."

Mlango ukafunguka, na mwanga wote wa alasiri ukaingia kwa pamoja. Kwanza nilidhani ni mmoja wa ng'ombe wangu wa ndotoni. Kisha akapiga magoti kwenye pamba, akavua glavu, akanishika mkono. Huu wa kulia. Nilikuwa siusikii vizuri, lakini niliona vidole vyake juu ya vidole vyangu, nikalia.

"Shikamoo bibi. Cheka kidogo nikuone."

Nikacheka. Upande mmoja.

"Inua mikono yote miwili."

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki mapajani.

"Fungua mdomo." Akachungulia na tochi kwenye ulimi, chini ya ulimi, kwenye ufizi. Akamgeukia mwanangu. "Baba, njoo uangalie. Njoo, hakung'ati. Ng'ombe wako walikuwa na malengelenge mdomoni. Hapa unaona lengelenge?"

"Sioni."

"Kati ya vidole vya mguu kuna kidonda?"

"Hakuna."

"Ulianza pole pole au ghafla?"

"Ghafla. Ndoo ikaanguka, naye akaanguka."

Akavuta pumzi. "Ugonjwa wa ng'ombe wako haumshiki mtu hivi. Jina tu ndilo limewapoteza. Mdomo huu haujaugua, umelegea. Huu ni ugonjwa wa kichwani, kwenye mishipa ya damu. Ni kiharusi. Baba yangu mzazi alikipata. Mama huyu anatakiwa hospitali, tena leo."

Mwanangu alikaa chini pale pale, akaziba uso kwa mikono. Akasema neno moja tu, "Kumi na tisa." Naye alikuwa anahesabu.

Dereva akakataa. Sitamlaumu, alikuwa na taratibu zake. "Dada, hili gari ni la mifugo. Limeandikwa ubavuni. Haturuhusiwi kubeba mtu."

"Fomu yako inasema tunabeba nini?"

"Sampuli."

"Basi mwandike ni sampuli."

"Sampuli ya miaka sabini?"

"Mwandike, kaka. Jina lake Mayu."

Nikapanda gari la mifugo, ndugu zangu, nimelala kati ya masanduku ya barafu yenye damu ya Pamba na Mabula. Tulipita mashamba ya Sapiwi, na pamba ilikuwa bado imesimama kwenye vikonyo, nyeupe pande zote mbili za barabara. Nikawa sijui kama nimetoka kwenye chumba changu au chumba kimekua mpaka kikafika Bariadi.

Hospitali daktari alizungumza nasi bila kutuficha. Saa za mwanzo zimepita, alisema, hizo hakuna anayeweza kuzirudisha. Tungekuja siku ile ile, huenda pangekuwa na la kufanya zaidi. Lakini mwili unafundishika. Akauliza kuhusu presha, nikaonyesha kwa kidole jinsi nilivyofunga kopo na kuliweka juu ya kabati, mwanangu akamfafanulia. Alielewa. Akasema, "Bibi, vidonge vya kwenye kopo vinatibu kabati."

Hapo nikapelekwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Kijana huyo na wenzake walikuwa wanafanya utafiti wao, namna ya kumfundisha kutembea mtu aliyepigwa na kiharusi. Alinieleza kwa utaratibu, akanisomea karatasi. "Ni hiari, bibi. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vile vile." Nikaweka alama yangu kwa mkono wa kushoto. Moyoni nilijisemea: ng'ombe wangu wametafitiwa, mimi ni nani nikatae?

Lakini kutembea hakukuja. Walikuwa na kidude kidogo kinacholia tik, tik, tik, na wewe unatakiwa ukanyage pamoja nacho. Wengine waliweza. Mimi kila kikilia tik, mguu wa kulia unafikiria, na ukimaliza kufikiria kidude kimeshafika mlangoni, kimeniacha. Wiki nzima. Kijana anahesabu, "Moja, mbili, bibi, moja, mbili." Namba hazikuwa na uzito kwangu. Sikuwahi kumfuata mbili mahali popote.

Siku moja nikakaa kwenye kiti nikamwambia, kwa ulimi wangu mzito, "Nirudishe kwenye pamba." Alidhani nataka kitanda. Nilikuwa na maana ile raha ya kule chumbani, ya kuondoka bila mguu.

Akakaa chini karibu yangu. Hakunihubiria. Akaniuliza, "Bibi, kabla ya kuugua, asubuhi ulikuwa unatembea kwenda wapi kwanza?"

"Zizini."

"Kufanya nini?"

"Kuwatoa wakanywe maji."

"Unawatoaje?"

Ndugu zangu, ninyi mnajua mtu anavyotoa ng'ombe. Hawatoki kwa namba. Unasimama langoni, unamwita mmoja mmoja, anatoka, unamwita mwingine. Nikaanza kumwonyesha, nimekaa hivyo hivyo kwenye kiti. "Pa-mba." Na mguu wa kulia ukasogea.

Tuliuona wote wawili. Akanisimamisha, akanishika mkanda wa kiunoni. "Mwite tena."

"Pamba." Wa kulia ukaenda, ukiburuta kisigino. "Milembe." Wa kushoto. "Kulwa." Wa kulia. "Doto." Wa kushoto. Kijana akazima kidude chake. "Nyanzala." Ukuta ukaanza kusogea. Niliwaona tena, nawaambia, lakini safari hii hawakuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wametangulia, wananipa mgongo, mikia inapunga, wanakwenda kunywa maji, na mimi niko nyuma yao ambapo mtu mwenye ng'ombe anatakiwa kuwa. "Mabula!" Nikashika kitasa cha mlango.

Kijana akasema, "Bibi, wamebaki wangapi?"

"Watano."

"Tuwatoe na hao."

Wodini walidhani kiharusi kimenipanda akilini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa konda wa mabasi, naye mguu wake ulikuwa umegoma kama wangu. Akanicheka siku mbili. "Bibi wa ng'ombe, umefika mnadani?" Siku ya tatu nikamsikia kwenye korido, ameshika ukuta, sauti ya zamani ya kituo cha mabasi, anaita vituo vya njia ya Mwanza: "Dutwa! Lamadi! Nyashimo! Magu!" Akifika Magu anachoka, anakaa. Nikampigia kelele, "Konda, abiria wa Kisesa tunashuka wapi?" Akasema, "Subirini, gari limechemka!" Siku niliyotoka mimi alikuwa amefika Kisesa. Mwanza sijui kama alifika.

Niliporudi nyumbani, nilishuka kwenye bajaji pale barabarani, nikasema nisishikwe. Nina fimbo, inatosha. Mkwe wangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Aliponiona nimesimama akapiga magoti kwenye vumbi. "Mama, mimi nilikulisha kwa mwiko."

Nikamwambia, "Na uji ulikuwa mtamu. Simama, unanizibia njia."

Akacheka huku analia. Akasimama, akamtoa mtoto mgongoni, akaniwekea kwenye mkono wangu wa kulia. Nikaogopa utamwangusha. Haukumwangusha.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Sasa shukrani, na mniwie radhi maana nimeahidi kutotaja majina, na majina yote yananiwasha ulimi. Namshukuru binti wa mabuti, aliyenishika kwanza na kuniuliza baadaye. Namshukuru dereva aliyeniandika sampuli. Kama alipata matatizo kazini kwa ajili yangu, Mungu amlipe. Namshukuru kijana wa mazoezi, ambaye alikuwa na kidude cha kisasa mkononi na akakubali kukizima asikilize majina ya ng'ombe. Namshukuru mwanangu. Mwanangu, acha kuhesabu. Namshukuru mkwe wangu, na jirani aliyeruka ua. Ndiyo, na wewe. Ulisema ulichokiamini, na ndiwe uliyenivunia pamba yangu nikiwa nimelala.

Na somo ninalowaachia ni dogo. Mkimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno yanajikunja, na imekuja ghafla, msiulize ameshika nini wala amemkosea nani. Tafuteni gari. Hata likiwa la ng'ombe. Wenye presha, hata mkijisikia wazima, mezeni vidonge, msivitie kwenye kopo. Na yule binti aliniambia niwaambie na hili: ugonjwa wa miguu na midomo haukuniangusha mimi, lakini yapo mengine ya mifugo yanayompata mtu kweli, kwa hiyo maziwa yachemsheni, na ng'ombe akitupa mimba msiishike kwa mikono mitupu. Jina la ugonjwa si ugonjwa. Muulizeni anayejua, kabla hamjamfungia mtu mlango.

Nimemaliza daftari. Limebaki jambo moja ambalo sikuliandika.

Tangu nirudi, wengi mnanisalimia kwa mbali. Mnapunga, mnasema mhola bibi, mnapita. Nawaelewa. Hofu ikishaingia mguuni nayo inachelewa kutoka, hata daktari akisema imekwisha. Basi leo sitakwenda kukaa kwenye benchi. Nitatembea mpaka pale mlangoni mnapotokea wote, na nitasimama. Sitaegemea ukuta. Atakayepita anipe mkono, wa kulia. Nimejifunza kusimama muda mrefu, ndugu zangu, na leo sina haraka, hata mkitoka mmoja mmoja.